Bastola ndani ya kanzu: kisa cha Makarov moja Tanga

Kanzu ilikuwa nyeupe, ya Idi, imekunjwa vizuri, na bastola ilikuwa katikati ya mkunjo. Bi Mkubwa aliitoa kashani kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akaiweka juu ya jamvi mbele yangu. Chumba kikanukia udi na mafuta ya bunduki kwa pamoja. Ilikuwa siku ya nne tangu atoke eda.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameketi pembeni, magoti yamekunjwa, macho yako kwenye ile kanzu. Ndiye aliyenileta. Njiani kutoka Makorora alikuwa amenieleza habari moja tu: "Ami, nimepata bastola ndogo ya jeshi, bei chini ya nusu ya mpya. Wewe niangalizie tu kama ni nzima."

Nilikuwa fundi silaha jeshini kwa miaka 22. Kuangalia kama ni nzima ndiyo kazi niliyoijua. Lakini kisa hiki kilikuwa kipana kuliko chuma, na nakieleza chote kwa sababu tangu hapo nimeshaulizwa mara tatu na watu wengine kama bastola ya jeshi iliyotumika inamfaa raia.

Nilifunua kanzu. Bastola ilikuwa Makarov, ya muundo wa Kisovyeti, nyeusi, ubavuni ina muhuri wa namba 10 ndani ya duara mbili. Huo ni muhuri wa kiwanda cha Arsenal, mji wa Kazanlak, Bulgaria. Kabla ya kuusoma muhuri, jicho langu lilikuwa limeshaenda kwenye sefti, kile kikufuli cha usalama. Kwenye Makarov sefti ikiwa juu bastola imefungwa, ikiwa chini kinaonekana kidoa chekundu na bastola iko tayari kupiga. Nilikiona kidoa chekundu.

Nikamwomba Bi Mkubwa amwite mjumbe, na mjukuu aliyekuwa akichezea pazia la mlango apelekwe kwa jirani. Mjumbe alipofika, nikaielekeza bastola kwenye gunia la mchele lililokuwa kona ya ukuta, nikapandisha sefti, nikakisukuma nyuma kwa dole gumba kile kishikizo kilicho chini ya mpini, klipu, kile kibweta cha risasi, ikatoka. Kisha nikateremsha sefti, maana ikiwa juu slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, haifunguki, nikaivuta slaidi. Risasi iliruka kutoka chemba, tundu la risasi nyuma ya mtutu, ikagonga mguu wa kitanda, ikabiringika hadi kwenye kandambili za Bi Mkubwa.

Marehemu mume wa Bi Mkubwa alifariki na bastola imejaa, na miezi minne na ushee ilikuwa imelala hivyo kwenye nguo, katika nyumba yenye watoto wanne.

Hapo nikasimamisha biashara yote. Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi kama shamba la minazi. Mwenye leseni akifariki, silaha inapelekwa polisi, na anayeitaka, awe mtoto wake au mnunuzi, anaanza upya kwa jina lake mwenyewe. Familia hii haikuwa na nia mbaya. Mjane alikuwa eda, hatoki nje. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alijua bastola ipo lakini aliiona ni mali ya urithi, ya kuuzwa ili wagawane. Karatasi zilikuwepo, tena safi: leseni, stakabadhi za kila mwaka, na ushahidi kwamba marehemu aliipeleka kwenye uhakiki wa silaha wa nchi nzima mwaka 2016. Mzee alikuwa mwangalifu maisha yake yote. Lakini karatasi hizo zilikuwa na jina la mtu aliyezikwa.

Shemeji alikasirika nilipomwambia nampigia simu mkuu wa kituo. "Ukiita polisi hapa, mtaa mzima utasema tulificha silaha." Nikamwambia, "Shemeji, wakija leo kwa kuitwa na sisi, mtaa utaona askari wawili wanakunywa chai. Wakija siku mtoto ameifyatua, mtaa utaona jeneza." Bi Mkubwa ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Piga." Askari walikuja kabla ya laasiri, wakahesabu risasi mbele ya mjumbe, wakaandika hati, Bi Mkubwa akatia sahihi kwa mkono unaotetemeka.

Sasa mnunuzi.

Kijana wangu ananunua machungwa Muheza na kuyapeleka Dar es Salaam na Mombasa. Msimu ukichanganya anaingia vijijini kwa pikipiki akiwa na fedha taslimu kifuani, maana mkulima anataka hela yake chungwa likiwa bado guniani. Mwaka juzi alifuatwa na pikipiki mbili kuanzia Mkanyageni karibu mpaka Pongwe. Alinusurika kwa kuingia uwanjani kwenye maulidi. Hofu yake ni ya kweli na siipuuzi.

Na alikuwa amefuata sheria. Alianzia ofisi ya mtaa, kata, akaenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, mkoa, hadi maombi yakafika kwa Msajili wa Silaha. Miezi tisa, kisha kibali cha kununua. Kwa hiyo alipokaa mbele ya ile kanzu hakuwa mhuni anayetafuta chuma cha magendo, alikuwa mtu mwenye kibali mkononi anayetafuta bei nafuu.

Wazo la bastola ya jeshi alilipata kwa binamu yake anayeishi Columbus, Ohio. Huko, binamu alimwambia kwa sauti ndefu za WhatsApp, mtu anaingia dukani, anajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununua silaha, muuzaji anakagua rekodi zake, na siku hiyohiyo anaweza kutoka na bastola. Tangu Juni 2022 mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaruhusiwa kuibeba ndani ya nguo bila leseni ya kubebea. Binamu mwenyewe anabeba Makarov iliyotoka ghala la jeshi, na anaisifu kwamba ni ndogo, ngumu, haigomi.

Sifa hizo ni za haki, na ni vizuri kuelewa zilikotoka. Makarov iliingia jeshi la Kisovyeti mwaka 1951, ikabeba jina la mbunifu wake, Nikolai Makarov. Umbo lake linafuata Walther PP ya Kijerumani ya mwaka 1929. Ina urefu wa milimita 161, uzito wa gramu 730 bila risasi, klipu inabeba risasi 8. Mtutu umepigiliwa kwenye fremu, hautikisiki, ndiyo maana inapiga pale unapoelekeza kuliko bastola nyingi za umbo lake. Vipande vyake ni vichache mno. Kuruta anaifungua na kuifunga kabla chai haijapoa. Nchi kadhaa za Mkataba wa Warsaw ziliitumia, na Wachina waliitengeneza kwa jina la Aina ya 59. Kisha Ujerumani Mashariki ikatoweka mwaka 1990, na majeshi ya Ulaya Mashariki yakapungua na kuanza kuhamia risasi za NATO. Maghala yakabaki yamejaa bastola nzuri zisizo na askari wa kuzibeba, zikauzwa kwa wafanyabiashara wa silaha. Urahisi wa bei ulitokana na hilo. Hazikuuzwa kwa sababu ni mbovu.

Hivyo kijana wangu alikuwa na hoja. Nami nilimwahidi kwamba silaha ikishapita njia ya polisi na kufika duka lenye leseni Dar es Salaam, nitaikagua kwa moyo mmoja, bila kuiwekea chuki kwa sababu ya siku ile.

Tulipanda basi Kange alfajiri. Dukani walinipa meza, taa na dakika zote nilizotaka.

Namba za slaidi na fremu zililingana, na zililingana na leseni ya marehemu. Bastola za maghala mara nyingi zimekarabatiwa kwa mafungu, slaidi ya hii ikavalishwa ile, kwa hiyo hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokisoma. Nikavuta chini mlinzi wa triga, nikatoa slaidi, nikamulika mtutu. Mifereji ilikuwa mikali. Karibu na chemba kulikuwa na vidonda vidogo vya kutu, upana wa ukucha. Hivyo siwezi kuvihusisha na umri. Ni chumvi. Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki, kile kiwashio cha kitakoni, ambayo ikiwaka huacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Ukipiga asubuhi Tanga, na upepo huu wa bahari, usipoosha kwa maji ya moto na kupaka mafuta jioni hiyo, kesho unaona wekundu. Marehemu alikuwa akisafisha kwa kitambaa cha mafuta peke yake. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji ndiyo yanayoiyeyusha.

Kisha nikaishika slaidi sikioni nikaitikisa. Pini inayopiga kitako cha risasi kwenye Makarov haina springi, inaelea tu tunduni mwake, kwa hiyo ukitikisa unasikia tik-tik. Sikusikia kitu. Nikajaribu tena. Kimya. Grisi ya ghala, ile inayopakwa bastola ikienda kulala miaka, ilikuwa imeganda kwenye tundu la pini na kugeuka gundi. Hili ni la kuogopa. Pini ikinasa nyuma, bastola haipigi siku unayoihitaji. Ikinasa mbele, slaidi ikirudi kwa nguvu inaweza kufyatua risasi bila mtu kugusa triga. Nikafikiria risasi ile iliyobiringika hadi kwenye kandambili, nikakaa chini kidogo.

Nikafungua mpini. Kwenye Makarov unashikwa na skurubu moja tu, nyuma. Chini yake, pale springi bapa ya nyundo inapokaa, kulikuwa na kutu ya rangi ya matofali. Jasho. Mzee aliibeba mwilini miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwambia afungue mpini. Springi yenyewe ilikuwa haijapinda, lakini nisingeiamini.

Yote haya yanatengenezeka. Kuosha pini ni kazi ya nusu saa, springi mpya mbili, mtutu ule ungepiga miaka mingine 20. Nilimwambia hivyo waziwazi, na uso wake ukang'aa.

Kisha nikamwaga mfuko wa risasi zilizokuja na bastola. Zilikuwa 16, pamoja na ile ya chemba. Kumi na mbili zilikuwa zenyewe, 9 kwa 18, yaani upana wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita. Nne zilikuwa fupi kidogo, maganda ya shaba. Nikazipima kwa kalipa: ganda milimita 17. Zile ni risasi za Browning, za bastola nyingine kabisa, zilizobuniwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtu alikuwa amemuuzia marehemu kwa kauli kwamba "9 ni 9". Sivyo. Kichwa cha risasi ya Makarov ni kipana, karibu milimita 9.27. Kile cha Browning na kile cha Parabellum, aina nyingine ya risasi ya bastola, 9 kwa 19, ni karibu milimita 9.01. Parabellum ni ndefu, haiingii vizuri kwenye chemba ya Makarov. Browning inaweza kuingia, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu inakaa imelegea, inaweza kugoma au kupasua ganda, na mwenye nayo anadhani amejaza bastola yake sawasawa.

Nikamuuliza muuzaji kama ana 9 kwa 18. Akaonyesha rafu: Parabellum, za shotigani, na nyinginezo. Za Makarov hakuwa nazo. Angeweza kuagiza.

Kijana akasema, "Ami, si naagiza tu boksi moja, linatosha miaka."

Jibu lake hilo ndilo lililonifanya nibadili mawazo, si kutu wala pini. Bastola ya jeshi imezoea kuwa na jeshi nyuma yake. Afisa aliyepewa Makarov alikuwa na fundi kama mimi anayefungua mpini kila baada ya muda, ghala lenye risasi za aina moja tu, uwanja wa shabaha, na mkufunzi wa kumpigia kelele. Raia anainunua peke yake, bila hao wote. Mtu anayesema boksi moja linatosha miaka anamaanisha hatafanya mazoezi. Na triga ya Makarov kwa risasi ya kwanza ni nzito na ndefu, vidole visivyozoea vinavuta mdomo wa bastola chini. Kwenye barabara ya vumbi ya Muheza, mbele ya watu wawili wenye pikipiki, risasi hiyo inaenda wapi? Kwenye nyumba ya mtu.

Bado sikumkatalia. Nilimwekea jaribio moja. Makarov ikijazwa risasi 8 inapita gramu 800. Nikampimia mchanga wa uzito huo, nikaushona ndani ya kipande cha turubai, nikamwambia auvae kiunoni chini ya shati siku 14, kazini na nyumbani, na sharti ni moja: asiuache popote ambapo asingeiacha bastola, na asimpe mtu mwingine amshikie, kwa sababu silaha huwezi kumwachia asiye na leseni.

Siku ya pili shati lake la pamba liliganda mgongoni kwa jasho na kifurushi kikaonekana umbo lote. Mteja mmoja Mkanyageni akamuuliza ana uvimbe. Akahamia kaushi ndani na shati pana juu, katika joto la Februari. Siku ya nne aliingia msikitini adhuhuri. Alipoinama kutia udhu kifurushi kikateleza. Kwenye sujudu kikamchoma ubavu, na katika rakaa ya tatu, aliniambia mwenyewe, hakujua anasoma nini. Basi laasiri akakiacha chini ya kiti cha pikipiki. Siku ya sita alikisahau juu ya benchi la mama ntilie Muheza mjini, akarudi kukichukua baada ya saa nzima, akamkuta mtoto wa mama ntilie anakipigia danadana.

Hakusubiri siku ya 14. Alikuja nyumbani Isha imeshaswaliwa, akaketi barazani, kifurushi kiko mkononi kimechafuka matope.

"Ami, mtoto alikuwa anakipiga teke."

Sikumjibu. Mama yake mdogo akamletea kahawa.

Tuliongea usiku ule mpaka karibu saa sita, na sehemu kubwa hatukuzungumzia bastola. Tulizungumzia kwa nini anabeba fedha zote siku moja, kwa nini kila mtu kijijini anajua Jumanne ndiyo siku yake, kwa nini hasafiri na mwenzake. Wakulima wake wengi wana simu na wanapokea fedha kwa simu kila siku kutoka kwa watoto wao. Waliotaka taslimu walikuwa wachache kuliko alivyodhani, ila hakuwahi kuwauliza. Alianza kulipa robo tatu kwa simu. Alibadili siku. Siku za mzigo mkubwa anakwenda na gari la mnunuzi mwenzake. Mimi naona hii imempunguzia hatari kuliko bastola yoyote ningeweza kumkagulia, na nasema hivi nikiwa mtu niliyezipenda silaha maisha yangu yote.

Bastola hakuinunua. Kibali chake bado anacho, na akiamua kununua nimemshauri achukue inayotumia Parabellum, mpya au iliyotumika, ambayo risasi zake anaziona rafuni, na asilipe senti kabla hajapiga walau risasi 100 uwanjani chini ya mtu anayejua. Kuhusu swala, kaushi na joto, hilo halitabadilika kwa kubadili bastola, na analijua.

Shemeji alitaka itafutwe mnunuzi mwingine. Bi Mkubwa akakataa, akasema isalimishwe moja kwa moja serikalini, na kwa kuwa fungu lake la urithi lilikuwamo, akawaambia wanawe wamkate yeye. Walikubali. Shemeji hakuzungumza nami tangu Mfungo Mosi mpaka Mfungo Tatu, kisha tulikutana kwenye hitima ya jirani akanipa mkono.

Nilipita kumjulia hali Bi Mkubwa siku za karibuni. Ile kanzu ilikuwa kambani uani. Ameifua kwa limau, kwa sabuni ya mche, mara ya tatu kwa majivu, na katikati ya mgongo bado kuna doa la mafuta la rangi ya chai, mtutu wake unaonekana, mpini unaonekana. Aliniuliza kama najua dawa ya kulitoa. Nikamwambia ajaribu mafuta ya taa kidogo, kisha afue tena kabla hayajakauka.